Jua la Muhuta na Mlinzi Anayengoja Amri

Saa sita za mchana barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge huwa kama bati lililotolewa motoni. Ikifika katika nchi ya Muhuta hubanwa na milima upande mmoja, na maji ya Ziwa Tanganyika upande wa pili. Askari aliyepangiwa zamu ya barabarani huko Gitaza hulijua jua kwa kisogo na kwa mikono yake. Hatua chache chini yake, ufukweni, akina mama hutandaza ndagala juu ya mchanga au vichanja vya waya. Wao hulishukuru jua hilo hilo, kwani bila ya jua hapana ndagala mkavu, na bila ya ndagala mkavu hapana ada ya shule.

Yuko na mtu wa tatu, ambaye mara nyingi macho yetu humpita. Huyo ni mtoto mwenye ualbino, aliyefuatana na mama yake ufukweni kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Kwake yeye jua si adha ya zamu wala neema ya biashara. Ni adui arudiye kila asubuhi. Ili tuelewe sababu, hatuna budi kuingia ndani ya ngozi ya binadamu, mahali ambapo pana ulinzi wenye nidhamu ambayo kila askari ataitambua mara moja.

UZI ULIOKUNJWA

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu. Ndani ya seli, isipokuwa za aina chache kama zile nyekundu za damu, mna kiini. Na ndani ya kiini mna uzi wa DNA. Uzi huo ndio daftari la maagizo yote ya mwili. Maagizo yenyewe yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia, zinazofuatana kwa mamilioni.

Uzi wa seli moja ukinyoshwa wote hufikia urefu wa mita 2 hivi, ilhali upana wa kiini ni kama sehemu 1 ya mia ya milimita. Uzi mrefu kiasi hicho waeneaje mahali padogo kiasi hicho? Jibu ni kwamba umekunjwa kwa utaratibu. Huzungushwa juu ya vibiringo vya protini ziitwazo histoni, kama fundi azungushavyo uzi wa kushonea. Kila kibiringo hufanywa na histoni 8, nao uzi hukizunguka mara moja na zaidi ya nusu, kiasi cha herufi 147. Kibiringo pamoja na uzi wake huitwa nyukleosomu. Mpango huo ulielezwa na mwanasayansi Roger Kornberg mwaka 1974. Mkusanyiko wote wa uzi na protini zake huitwa kromatini.

Askari anaweza kuifananisha kromatini na ghala la silaha lililopangwa vizuri. Kila kitu kimefungwa, kimewekwa mahali pake, na hakiguswi ovyo. Lakini ghala lililofungwa barabara lina taabu yake: moto ukizuka kwenye sanduku la nyuma kabisa, wazima moto watapitaje?

JUA LINAVYOJERUHI

Katika nuru ya jua imo mionzi tusiyoiona, iitwayo mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo ikiupiga uzi wa DNA, huweza kuziunganisha herufi mbili zilizo jirani zikashikamana kama kurasa mbili za kitabu zilizogandishwa kwa gundi. Seli inapotaka kusoma au kunakili maagizo yake, hukwama hapo au hunakili vibaya. Nakala mbaya ikiangukia mahali penye maagizo ya kuizuia seli isizaliane ovyo, seli hiyo huasi. Huzaliana bila ya idhini, na watoto wake huasi vile vile. Uasi huo ndio saratani.

Muhuta iko kati ya nyuzi 3 na 4 kusini ya Ikweta, na uso wa ziwa uko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi. Jua hupita juu sana mwaka mzima, na mara mbili kila mwaka hupita utosini kabisa. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba mchanga mkavu wa ufukweni huirudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya mionzi hiyo, na kwamba wingu jepesi huweza kupitisha hadi asilimia 80 yake. Kwa hiyo aketiye ufukweni hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Siku ya mawingu nayo isimdanganye mtu, kwa kuwa joto hupungua lakini mionzi haipungui kwa kiasi hicho.

KIKOSI CHA UKARABATI

Mwili haukuachwa bila ya kinga. Kinga ya kwanza ni melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, ambayo hutanda juu ya viini vya seli kama mwavuli na kuimeza mionzi kabla haijafika kwenye uzi. Kinga ya pili ni kikosi cha ukarabati. Hiki ni jamii ya protini zinazozunguka ndani ya kiini usiku na mchana, zikikagua uzi na kutengeneza palipoharibika.

Mwanasayansi Aziz Sancar, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi zake Marekani, alitumia miaka mingi kuichora ramani ya kazi hiyo. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, waliochunguza njia nyingine za ukarabati. Kwa majeraha ya jua, kazi huenda hivi: mkaguzi hugundua mahali uzi ulipopinda, wenzake huutanua uzi hapo, vikataji viwili huukata upande wa mbele na wa nyuma wa jeraha, kikaondolewa kipande cha herufi 30 hivi, kisha pengo hujazwa kwa kuufuata upande wa pili wa uzi uliosalimika, na mwisho hufungwa.

Umuhimu wa kikosi hiki ulidhihirika mwaka 1968. Katika mwaka huo James Cleaver wa California alionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa wa nadra uitwao xeroderma pigmentosum, ambao hupata saratani za ngozi tangu utotoni, wana seli zisizoweza kutengeneza majeraha ya jua.

MLANGO ULIOFUNGWA

Hapa ndipo lile ghala letu linaporudi. Jeraha likitokea mahali ambapo uzi umebanwa juu ya kibiringo, wakarabati hawalifikii kwa urahisi. Uchunguzi wa saratani za ngozi umeonyesha kwamba makosa hujikusanya zaidi katika sehemu za kromatini zilizokunjwa sana kuliko katika sehemu zilizo wazi. Yaani penye mlango mgumu kufunguka, ndipo uharibifu unapobaki.

Ili wakarabati wapite, seli ina vimeng'enya maalumu ambavyo kazi yake ni kusogeza vibiringo, kuvilegeza, kuvibadilisha au kuving'oa. Wataalamu huviita vimeng'enya vya kupanga upya kromatini. Ni mashine za kweli: huchoma ATP, ambayo ni mafuta ya seli, na kwa nguvu hiyo huusukuma uzi juu ya kibiringo hatua kwa hatua. Jamaa zake kubwa ni nne, nazo hujulikana kwa majina SWI/SNF, ISWI, CHD na INO80.

Sasa yaja swali lililowashughulisha wachunguzi kwa miaka mingi, ambalo kila ofisa wa zamu hujiuliza pia. Mwenye ufunguo wa ghala, nani humwamuru? Mashine inayoweza kufungua kromatini mahali popote ni hatari kubwa. Ikifungua pasipo na haja, maagizo yaliyokusudiwa kunyamaza yataanza kusomwa. Ikichelewa kufungua penye haja, jeraha litadumu. Haitoshi, basi, seli kuwa na mlinzi hodari. Mlinzi huyo lazima ajue kungoja, ajue kwenda, na ajue kurudi.

AMRI, KAZI NA KURUDI KAMBINI

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kimeng'enya kiitwacho ALC1. Mwaka 2009 makundi mawili ya wachunguzi yalitangaza kwamba kimeng'enya hiki huamshwa na jeraha la DNA. Mwaka 2017 uchunguzi zaidi ukaonyesha jinsi kinavyozuiwa kisifanye kazi bila ya amri. ALC1 ina sehemu mbili: injini yenyewe, na kipande kingine kinachoilalia injini hiyo na kuizuia isizunguke. Wakati wa amani ALC1 huelea ndani ya kiini ikiwa imejifunga yenyewe, mithili ya bunduki iliyowekwa kizuizi cha usalama.

Jeraha likitokea, protini nyingine iitwayo PARP1 hufika kwa nukta chache tu. Kazi yake ni kupiga king'ora. Hujenga mahali pale minyororo mirefu ya kikemia, na minyororo hiyo ndiyo ishara ya hatari. Kile kipande kinachoizuia injini ya ALC1 kimeumbwa kiishike minyororo ya aina hiyo. Kikiishika, huiachia injini. Kwa tendo moja mambo mawili hutimia: ALC1 huvutwa mpaka mahali penye jeraha, na hapo hapo hufunguliwa ianze kazi ya kusogeza kibiringo. Haiwezi kufunguka njiani, wala haiwezi kufunguka mahali pasipo na king'ora.

Mwaka 2012 wachunguzi wa Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba utaratibu huu unahusika na majeraha ya jua hasa. Mkaguzi aitwaye DDB2 akilitambua jeraha la mionzi ya urujuanimno, huiita PARP1, nayo PARP1 kwa king'ora chake huileta ALC1. Seli zilizonyimwa ALC1 ziliathirika zaidi na mionzi hiyo.

Lililobaki ni kurudi kambini. Kimeng'enya kingine, PARG, huifuata ile minyororo na kuikatakata katika muda wa dakika chache. Ishara ikitoweka, kile kipande cha ALC1 hukosa cha kushika, huilalia tena injini, na kazi husimama. Kwa hiyo king'ora na kinyamazishaji chake hufanya kazi bega kwa bega. Bila ya PARP1 mlango haufunguliwi. Bila ya PARG hakuna wa kutoa amri ya kuufunga.

Si vimeng'enya vyote vinavyotawaliwa kwa njia hii moja. Vingine hupewa alama. Uzi wa DNA ukikatika, zipo protini za zamu, ATM na ATR, ambazo hubandika alama ya fosfati juu ya histoni zilizo karibu na mkato. Katika hamira, ambayo wachunguzi huitumia kwa kuwa seli zake hufanana na zetu kwa mambo mengi, alama hiyo huiita mashine ya INO80. Na mwaka 2007 ilionekana kwamba protini za zamu za hamira zinazolingana na ATM na ATR hubandika alama juu ya sehemu moja ya INO80 yenyewe pia. Ni kama cheti cha kupita kilichogongwa muhuri pande zote mbili: mlangoni na mkononi mwa mpitaji.

MLINZI AKIZIDI

Askari mwingine aweza kusema, kama walinzi hawa ni wema hivi, kwa nini mwili usiwe nao wengi zaidi? Jibu limo katika jina la ALC1 lenyewe, maana herufi hizo ni kifupi cha maneno yanayoeleza kwamba chembe hii ya urithi huzidishwa katika saratani ya ini. Mwaka 2008 watafiti wa Hong Kong waliitambua katika sehemu ya uzi ambayo hunakiliwa kupita kiasi katika saratani hiyo, wakaona kwamba wingi wake huchochea uvimbe.

Basi mlinzi yule yule aokoaye seli ya ngozi, akizidi idadi yake na kukosa wa kumrudisha kambini, huweza kuisaidia seli ya ini kuasi. Ubora wake haumo katika nguvu zake peke yake. Umo katika kutii amri ya kuanza na amri ya kukoma.

NGOZI ISIYO NA MWAVULI

Sasa na turudi ufukweni kwa yule mtoto. Watu wengi hudhani kwamba mwenye ualbino ana damu tofauti, au ugonjwa wa kuambukiza, au laana. Sivyo hata kidogo. Mtoto huyo amerithi kasoro moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, nao wazazi hao aghalabu wana ngozi nyeusi kama sisi sote. Wazazi wawili wenye kasoro iliyojificha wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino. Miongoni mwa Wabantu wa Mashariki na Kusini mwa Afrika, kasoro hiyo mara nyingi ni kukosekana kwa kipande cha herufi 2,700 hivi katika chembe ya urithi iitwayo OCA2, inayohusika na utengenezaji wa melanini.

Kikosi chake cha ukarabati ni kizima. DDB2 yake hukagua, PARP1 yake hupiga king'ora, ALC1 yake hufungua na kurudi kama ya mtu mwingine yeyote. Alichokosa ni mwavuli. Mionzi ambayo kwa wengine ingemezwa na melanini, kwake huufikia uzi moja kwa moja. Kikosi kilichoumbwa kitengeneze majeraha machache huletewa maelfu, leo na kesho na keshokutwa. Hata kikosi bora hulemewa, na mojawapo ya majeraha yaliyosahauliwa ndani ya kromatini iliyofungwa huwa mbegu ya saratani.

Haya si maneno ya kuogofya tu. Mwaka 1985 Dakta Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino walioandikishwa mjini Dar es Salaam. Madhara ya jua yalionekana kwenye ngozi tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Na kwa wale waliofikia umri wa miaka 20 na zaidi, hapakuwa na hata mmoja ambaye ngozi yake haikuwa na dalili za uharibifu unaoelekea kwenye saratani. Wachunguzi hao walikadiria kwamba Tanzania ilikuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400. Kwa jirani zake hilo si jambo la mbali.

WAJIBU WA MWENYE SARE

Askari wa Burundi na Tanzania wanakumbuka kwamba jua halikuwa adui wa pekee wa watu hawa. Kuanzia mwaka 2008 watu wenye ualbino waliuawa katika mikoa ya mashariki ya Burundi, Ruyigi na Cankuzo, baada ya mauaji ya namna hiyo kutokea Tanzania. Wauaji waliuza viungo vya miili kwa walioamini kwamba vinaleta utajiri. Kando ya Ziwa Victoria hata wavuvi walidanganywa kwamba nywele zao zikifumwa ndani ya nyavu huvuta samaki. Mjini Ruyigi, mwendesha mashtaka Nicodème Gahimbare aliwapa hifadhi makumi ya watu waliokimbia vijiji vyao. Mwezi Julai 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani watu kadhaa, na mmoja wao alihukumiwa kifungo cha maisha.

Sayansi tuliyoieleza humu inauvunja uongo wa waganga hao tangu msingi. Ndani ya mwili wa mwenye ualbino hamna dhahabu wala uchawi. Mna uzi ule ule, vibiringo vile vile, na walinzi wale wale. Kilichopungua ni rangi tu. Askari akilielewa jambo hili, na alieleze kambini, nyumbani na mwaloni.

Zaidi ya hayo, yapo mambo madogo ambayo mwenye sare anaweza kuyatenda pasipo gharama. Mwenye ualbino akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, na akaguliwe kivulini, asiachwe juani saa nzima kwa ajili ya karatasi. Akiwa mahabusu au shahidi, asipangiwe kungoja uwanjani. Macho yake pia hayaoni mbali vizuri, kwa kuwa melanini huhitajika katika macho vile vile. Basi asipotii ishara ya mkono mara moja, isidhaniwe kuwa ni ukaidi. Askari mwenye mtoto wa namna hiyo na amvalishe kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu na suruali ndefu, na ampunguzie jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi nchini Tanzania kwa ajili ya watu wenye ualbino, husaidia yakipatikana, lakini hayachukui nafasi ya kivuli. Na kidonda usoni, sikioni, shingoni au mkononi kisichopona kwa majuma manne, kisipakwe dawa ya kienyeji. Kipelekwe hospitali, kwa sababu saratani ya ngozi ikikatwa mapema hupona.

Jioni jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, akina mama wa Muhuta huzoa ndagala wao na askari wa zamu huvua kofia. Ndani ya ngozi zao kazi haijaisha. Usiku kucha vibiringo husogezwa, vipande hukatwa, mapengo huzibwa, na ving'ora hunyamazishwa kimoja kimoja. Mlinzi wa ndani hufanya wajibu wake bila ya kuonekana. Mtoto yule wa ufukweni anaye mlinzi huyo kama sisi. Ila kwake yeye kazi ni nyingi mno, naye anahitaji msaada wa mlinzi wa nje. Msaada huo ni kivuli, kofia, na askari asiyekubali adhuriwe na jua wala na mtu.